Jinsi ya kupata mipaka inayobana ya sin, cos na tan

Kila aliyeanza trigonometria anajua kuwa sin x haizidi 1. Mpaka huo ni wa kweli, ila ukiwa na x = 0.3 haukufikishi popote: sin 0.3 ni 0.29552, na kutoka hapo hadi 1 ni mbali sana. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupata mipaka inayobana, yaani ile ambayo ukijaribu kuikaza hata kidogo inavunjika. Inatumika kuthibitisha ukomo, kukadiria integrali, kupima ukubwa wa kosa pale fizikia inapoandika θ badala ya sin θ, na hata kukokotoa π kwa mkono.

Mpaka mzuri haubuniwi. Unaandika uwiano, unatafuta thamani zake kwenye ncha mbili za eneo unaloshughulikia, kisha unathibitisha kwamba kati ya ncha hizo uwiano unapanda tu au unashuka tu. Thamani za nchani ndizo namba zako, na kwa umbo hilohilo hakuna atakayepata bora zaidi. Anayeanza kwa kubuni namba halafu akahangaika na uthibitisho mara nyingi huishia na mpaka uliolegea, tena asijue kuwa umelegea.

Unahitaji kujua derivativi za sin, cos na tan, pamoja na aljebra ya vipeo. Isipokuwa tukisema vinginevyo, x ni kati ya 0 na π/2, bila kuzigusa ncha zenyewe.

Hatua ya 1: Weka kila kitu kwenye radiani

Mipaka yote hapa inalinganisha pembe na urefu au eneo, kwa hiyo pembe lazima iwe namba halisi ya radiani. Kikokotoo kikiwa kwenye nyuzi, sin 0.5 kitakupa 0.0087265. Kwenye radiani ni 0.4794255. Mtu anayepima mpaka wake kwa namba za kwanza ataona "unafanya kazi" au "umevunjika" bila sababu yoyote ya kweli. Kabla ya kuanza, bonyeza sin 1. Ukipata 0.84147, uko salama.

Hatua ya 2: Shika msingi, sin x < x < tan x

Chora duara lenye kitovu O na nusukipenyo 1. Weka A kwenye duara, kisha B kwenye duara hilohilo ili pembe AOB iwe x. Chora mstari mguso pale A, endeleza OB hadi uukate mstari huo, na sehemu inapokatwa iite C. Sasa una maumbo matatu, kila moja ndani ya linalofuata:

pembetatu OAB, eneo ½ sin x;
kipande cha duara OAB, eneo ½ x;
pembetatu mraba OAC, eneo ½ tan x.

Kwa hiyo sin x < x < tan x. Gawa sin x kwa kila kimoja na utapata cos x < sin x / x < 1. Kwa kuwa cos x inakaribia 1 pale x inapokaribia 0, sin x / x nayo inabanwa hadi 1.

Tumia maeneo, usitumie kanuni ya L'Hôpital (ile ya kutafuta ukomo wa uwiano kwa derivativi za juu na chini) hapa. Derivativi ya sin yenyewe imepatikana kwa kutegemea ukomo wa sin x / x, kwa hiyo kuutafuta ukomo huo kwa derivativi ni kuzunguka ukarudi pale ulipoanzia. Ukishavuka hatua hii derivativi ni zako, zitumie upendavyo.

Hatua ya 3: Andika uwiano, angalia ncha mbili

Chukua g(x) = sin x / x. Derivativi yake ni (x cos x − sin x) / x². Kiasi (namba ya juu ya sehemu) ni hasi, kwa sababu x < tan x maana yake ni x cos x < sin x. Basi g inashuka tu. Ikikaribia 0 ni 1, ikifika π/2 ni 2/π. Ndipo tunapata

2/π < sin x / x < 1,

au 2x/π < sin x < x. Huu ndio mpaka wa Jordan, kwa jina la Mfaransa Camille Jordan. Kwenye grafu ni rahisi kuuona: sin x inapita juu ya mstari ulionyooka kutoka (0, 0) hadi (π/2, 1).

Neno "kubana" hapa lina maana kamili. Namba 2/π ni 0.6366197..., na huwezi kuiongeza. Mtu akiikadiria kuwa 0.637 amekwisha kosea: 0.637 × 1.570796 ni 1.0006, na sin haifiki huko. Kwa hiyo mpaka wa chini ukadirie kwa kushusha, mpaka wa juu kwa kupandisha. Kanuni ya shuleni ya "tano na kuendelea, ongeza moja" haifai katika kazi hii.

Kwa njia hiyohiyo, cos inakuja bila jasho. Kwa fomula ya nusu pembe, 1 − cos x = 2 sin²(x/2), kwa hiyo

(1 − cos x) / x² = ½ · [sin(x/2) / (x/2)]².

Mabano yale ni g(x/2), ambayo tumeshajua inashuka. Nchani thamani ni ½ na 4/π². Basi 1 − x²/2 < cos x < 1 − 4x²/π², na namba zote mbili zimebana.

Hatua ya 4: Jifunze kanuni ya uwiano wa derivativi

Uwiano mwingi hautajisalimisha kirahisi hivyo. Ukiutafutia derivativi moja kwa moja unapata kiasi kirefu ambacho alama yake haionekani. Dawa ni kanuni hii:

Kama f(0) = g(0) = 0, na g′ ni chanya, na f′/g′ inapanda tu, basi f/g nayo inapanda tu. Ikiwa f′/g′ inashuka tu, f/g inashuka tu.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo itakayokulinda usiitumie vibaya. Derivativi ya f/g inaandikika hivi: (g′/g) · (f′/g′ − f/g). Sasa, f/g ni wastani wa thamani zote za f′/g′ kuanzia 0 hadi x, kila moja ikipewa uzito wa g′. Kama f′/g′ inapanda, thamani yake ya mwisho iko juu ya wastani wa zile zilizotangulia, mabano yanakuwa chanya, na f/g inapanda. Unaona kwamba f na g zote lazima zianzie 0. Zisipoanzia 0, f/g si wastani tena na kanuni inaanguka. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi ya yote: mtu anachukua f(x) = cos x badala ya 1 − cos x, anaendelea na hesabu safi kabisa, na jibu ni la uongo.

Jaribio la haraka: (x − sin x) / x³. Juu na chini zote zinaanzia 0. Uwiano wa derivativi ni (1 − cos x) / 3x², ambao kwa Hatua ya 3 unashuka tu. Kwa hiyo uwiano wa mwanzo unashuka tu, kuanzia 1/6 hadi 4(π − 2)/π³, ambayo ni 0.14727 na kitu. Matokeo:

x − x³/6 < sin x < x − 0.14727 x³.

Ule upande wa kushoto wengi wanaujua kutoka mfululizo wa Taylor. Wa kulia haujulikani sana, ingawa una kazi kubwa karibu na π/2. Usiandike 0.1473: pale π/2 ungepata 0.99989, chini ya sin yenyewe.

Hatua ya 5: Mfano mzima, hatua kwa hatua

Tunataka kuibana sin x / x kwa kutumia cos x, kwa umbo hili: sin x / x ikae kati ya (1 − b) + b cos x na (1 − a) + a cos x. Ni a gani na b gani zilizo bora?

Kwanza tenga namba inayotafutwa. Ukihamisha, swali linakuwa: uwiano

(1 − sin x / x) / (1 − cos x)

unakaa kati ya namba zipi? Zidisha juu na chini kwa x ili kuondoa sehemu ndani ya sehemu:

(x − sin x) / (x − x cos x).

Pili, hakikisha zote zinaanzia 0. Zinaanzia.

Tatu, tafuta derivativi juu na chini, kila moja peke yake:

(1 − cos x) / (1 − cos x + x sin x).

Nne, gawa juu na chini kwa (1 − cos x). Hapa kuna kitu kizuri, kwa sababu sin x / (1 − cos x) ni cot(x/2):

1 / (1 + x cot(x/2)).

Tano, soma mwenendo. x cot(x/2) ni 2 · (x/2) / tan(x/2). Tunajua u / tan u inashuka tu (derivativi yake ina alama ya sin u cos u − u, ambayo ni hasi kwa kuwa sin u cos u < sin u < u). Asili (namba ya chini ya sehemu) inashuka, kwa hiyo sehemu nzima inapanda. Basi uwiano wetu unapanda tu.

Sita, ncha. Kwenye 0, x cot(x/2) inakaribia 2, kwa hiyo uwiano ni 1/3. Kwenye π/2, ukirudi kwenye umbo la mwanzo, ni 1 − 2/π, yaani 0.36338.

Jibu lote kwa pamoja:

2/π + (1 − 2/π) cos x < sin x / x < (2 + cos x)/3.

Upande wa kulia una historia ndefu. Unahusishwa na Nicholas wa Cusa wa karne ya 15, na Christiaan Huygens alitoa uthibitisho kamili mwaka 1654, ndiyo maana unaitwa mpaka wa Cusa na Huygens. Kuna njia fupi zaidi ya kuuthibitisha ukishaujua: derivativi ya x − 3 sin x / (2 + cos x) inarahisika kuwa (1 − cos x)² / (2 + cos x)², ambayo haiwezi kuwa hasi. Tena njia hiyo inaonyesha kwamba x > 3 sin x / (2 + cos x) kwa kila x iliyo juu ya 0, si hadi π/2 tu. Ila njia fupi haikwambii 1/3 imetoka wapi, wala haikupi mpaka wa kushoto. Ndiyo sababu tunapendelea ile ndefu.

Hatua ya 6: Kipeo kikiwa ndicho kinachotafutwa

Mara nyingine umbo ni la kipeo: sin x / x > (cos x)^p. Tunataka p ndogo iwezekanavyo, maana p ikipungua, (cos x)^p inakua na mpaka unakaza.

Anza karibu na 0. Huko sin x / x ni karibu 1 − x²/6, na (cos x)^p ni karibu 1 − p x²/2. Ili kushoto kubaki juu, p/2 lazima isiwe chini ya 1/6, yaani p isiwe chini ya 1/3. Ukijaribu p = 0.3 na x = 0.3, (cos x)^p ni 0.98638 wakati sin x / x ni 0.98506. Umevunjika.

Lakini kujua kwamba p chini ya 1/3 haiwezekani si kujua kwamba 1/3 inawezekana. Hapo wengi huishia njiani. Thibitisha: f(x) = sin x · (cos x)^(−1/3) − x. Derivativi ni

(cos x)^(2/3) + ⅓ sin²x · (cos x)^(−4/3) − 1.

Inatisha kuitazama. Badilisha herufi: t = (cos x)^(2/3), ili cos²x iwe t³ na sin²x iwe 1 − t³. Inageuka kuwa

t + (1 − t³)/(3t²) − 1 = (2t³ − 3t² + 1)/(3t²) = (t − 1)²(2t + 1)/(3t²).

Mraba mara namba chanya. Kwa hiyo f inapanda kutoka 0, na sin x / x inazidi kipeuo cha tatu cha cos x. Mpaka huu unajulikana kwa majina ya Mitrinović na Adamović.

Polinomia 2t³ − 3t² + 1 ikumbuke, kwani hujirudia. Chukua 2 sin x + tan x − 3x: kwa c = cos x, derivativi ni 2c + 1/c² − 3, yaani (2c³ − 3c² + 1)/c², ile ile. Basi 2 sin x + tan x > 3x, mpaka mwingine wa Huygens.

Kutokana na Mitrinović na Adamović unapata pia mpaka wa Wilker karibu bure. Wastani wa kawaida wa namba mbili chanya hauwi chini ya kipeuo cha pili cha zao lao, kwa hiyo

(sin x / x)² + tan x / x ≥ 2 √(sin³x / (x³ cos x)) > 2.

Wilker aliuleta kama swali kwenye jarida la American Mathematical Monthly mwaka 1989, pamoja na swali gumu zaidi: ni namba c gani (si cos x tena) kubwa kabisa inayoweza kuwekwa katika 2 + c x³ tan x upande wa kulia? Jibu ni 16/π⁴, na ukitaka mpaka wa juu kwa umbo hilo, ni 8/45. Namba zote mbili zinatoka nchani: 8/45 ukikaribia 0, 16/π⁴ ukikaribia π/2. Uthibitisho kwamba uwiano hauyumbi katikati ndio wenye kazi.

Hatua ya 7: tan karibu na π/2 ihudumie tofauti

tan x inapaa bila kikomo pale π/2, na polinomia haiwezi kuifuata. Kwa x = 1.5, tan ni 14.1014. Taylor, x + x³/3, inatoa 2.625, na ukiongeza 2x⁵/15 unafika 3.6375. Kuongeza vipande zaidi hakutakuokoa haraka.

Unachohitaji ni umbo ambalo asili yake inakuwa 0 pale pale tan inapopaa, yaani π² − 4x². Andika uwiano (π² − 4x²) · tan x / x. Kwenye 0 ni π². Kwenye π/2, tan x inaenda kama 1/(π/2 − x), na hesabu inatoa 8. Kati yake unashuka tu, kwa sababu tan x / x ni jumla ya vipande 8 / ((2k − 1)²π² − 4x²) kwa k = 1, 2, 3 na kuendelea. Ukizidisha kwa π² − 4x², kipande cha kwanza kinakuwa 8 kamili, na kila kilichobaki kina umbo (A − u)/(B − u) lenye B kubwa kuliko A, ambalo hushuka u inapokua. Hivyo:

8 / (π² − 4x²) < tan x / x < π² / (π² − 4x²).

Huu ni mpaka wa Becker na Stark wa mwaka 1978. Kwa x = 1.5 unatoa tan kati ya 13.79 na 17.03. Kwa x = 0.2, ambako tan ni 0.20271, unatoa 0.164 na 0.2033. Upande wa chini unafaa karibu na π/2, wa juu unafaa karibu na 0. Usiulaumu kwa kulegea upande mmoja. Kila namba ilichukuliwa kwenye ncha yake, na huko ndiko inakobana.

Hatua ya 8: Chagua mpaka kulingana na mahali ulipo

Tazama mipaka ya sin x kwa namba. Ya chini imeshushwa na ya juu imepandishwa, tarakimu tano za desimali.

| Mpaka | x = 0.3 | x = 1 | x = 1.5 |
|---|---|---|---|
| sin x yenyewe | 0.29552 | 0.84147 | 0.99749 |
| chini: 2x/π | 0.19098 | 0.63661 | 0.95492 |
| chini: x − x³/6 | 0.29550 | 0.83333 | 0.93750 |
| chini: x (cos x)^(1/3) | 0.29546 | 0.81447 | 0.62035 |
| chini: x[2/π + (1 − 2/π) cos x] | 0.29513 | 0.83295 | 0.99348 |
| juu: x(2 + cos x)/3 | 0.29554 | 0.84677 | 1.03537 |
| juu: x − 0.14727x³ | 0.29603 | 0.85273 | 1.00297 |

Mpaka wa Mitrinović na Adamović ni mzuri sana kwenye 0.3 na mbovu kabisa kwenye 1.5, kwa kuwa cos inaelekea 0. Jordan ni kinyume chake. Mpaka wa mstari wa nne wa chini hauongozi kwenye 0.3, lakini hauanguki popote. Kama hujui x yako itaangukia wapi, chukua huo. Kama unajua pembe ni ndogo, chukua x − x³/6, kwani hauhitaji hata kuijua cos.

Kazi tatu za kujaribia

Ya kwanza ni π kwa mkono. Mipaka miwili ya Huygens kwa pamoja ni 3 sin x / (2 + cos x) < x < (2 sin x + tan x)/3. Weka x = π/12, yaani nyuzi 15, ambako sin, cos na tan zinapatikana kwa vipeuo vya pili tu: sin ni (√6 − √2)/4 = 0.258819, cos ni (√6 + √2)/4 = 0.965926, tan ni 2 − √3 = 0.267949. Zidisha matokeo kwa 12 na utapata π kati ya 3.14150 na 3.14235. Kwa pembe hiyohiyo, sin x < x < tan x ya Hatua ya 2 inatoa 3.1058 na 3.2154 tu. Archimedes alitumia poligoni ya pande 96 kufikia 223/71 na 22/7, yaani 3.14084 na 3.14286. Hapa pande 12 zimebana kuliko hizo 96, na tofauti yote imeletwa na ubora wa mpaka.

Ya pili ni pendulumu. Vitabu vya fizikia vinaweka θ mahali pa sin θ "kwa pembe ndogo". Ndogo kiasi gani? Kwa Hatua ya 4, θ − sin θ haifiki θ³/6, kwa hiyo kosa ukililinganisha na θ haliwezi kufika θ²/6. Kwa nyuzi 10, θ ni 0.17453 na kosa liko chini ya asilimia 0.51. Ukitaka libaki chini ya asilimia 1, θ isizidi √0.06, yaani radiani 0.2449, karibu nyuzi 14. Hilo ni kosa la nguvu inayorudisha pendulumu; kosa la muda wa mzunguko ni hesabu nyingine.

Ya tatu ni kwa walio chuo. Integrali ya e^(−R sin θ) kutoka 0 hadi π, kwa R chanya, haina jibu rahisi. Igawe kati kwa kati pale π/2, nusu mbili ni sawa, na weka 2θ/π mahali pa sin θ. Kwa kuwa sin θ ni kubwa zaidi na ina alama ya kutoa kwenye kipeo, ulichopata ni mpaka wa juu: (π/R)(1 − e^(−R)), chini ya π/R. Jordan peke yake anatosha hapa, pamoja na ulegevu wake wote, kwa sababu kinachotakiwa ni integrali iende 0 pale R inapokua.

Pale mambo yanapoharibika

Kuvuka eneo. 2x/π < sin x ni kweli hadi π/2 tu. Kwa x = 2, kushoto ni 1.273 na sin 2 ni 0.909.

Upande wa hasi. sin na tan hubadilisha alama x inapobadilisha alama, kwa hiyo kwa x hasi misemo kama sin x < x hugeuka. Uwiano sin x / x haugeuki, wala cos x. Ukiwa na wasiwasi, fanya kazi na uwiano.

Kuzidisha au kugawa kwa kitu usichojua alama yake. Ukigawa kwa cos x baada ya π/2, < imegeuka kuwa > na hakuna atakayekuonya.

Kutegemea grafu. Mistari miwili ikikaribiana sana karibu na 0, kioo hakionyeshi upi uko juu. Kwenye x = 0.3, sin x na x(2 + cos x)/3 zinatofautiana kwa 0.000013 tu.

Na kompyuta nayo hudanganya hapo hapo karibu na 0. Ukiiambia ikokotoe (1 − cos x)/x² kwa x = 0.00000001, programu nyingi zenye tarakimu kama 16 zitajibu 0, ilhali jibu la kweli ni karibu 0.5. cos x imekadiriwa kuwa 1 kamili kabla ya kutoa, na kilichotafutwa kikapotea. Andika 2 sin²(x/2)/x² badala yake na utapata 0.5. Kwa x − sin x hakuna fomula fupi kama hiyo. Kwa x ndogo tumia x³/6 − x⁵/120, ambayo ni mpaka wa chini wa x − sin x, huku x³/6 ukiwa wa juu. Pengo kati ya hiyo miwili ni x⁵/120, na kwa x = 0.01 ni chini ya sehemu moja kwa trilioni.